Samli Kwenye Gurudumu la Nyuma

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini hukunilea niingie kwenye maneno bila salamu.

Vespa yako iko hai. Mathayo, mwanao mwenye haraka, alishaita wanunuzi wa vyuma chakavu. Gurudumu la nyuma lilikuwa linacheza, oili inavujia kwenye breki, na breki haishiki. "Itaua mtu hii," akasema. Na Mama, tangu tulipokuzika, bodaboda hapandi, kanisani Nemba haendi. Alizoea kukaa upande kwenye vespa ya mume wake, basi. Nikamwambia Mathayo aniachie hadi Jumapili. Mimi nafunga beringi za malori pale Rusumo, leo vespa initoe jasho?

Nikailaza uani, nikafungua ile nati kubwa, nikavuta drami la breki. Sili, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa imevimba na kulainika kama ndizi iliyoiva mno. Nikaichokoa kwa bisibisi. Beringi ilipochomoka, harufu ikanipiga puani: samli! Jamani, Baba! Samli ya ng'ombe, ile ya kibuyu cha Mama! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nikakumbuka miaka ile grisi ilipoadimika huku kwetu Nyarubungo, nawe ukatuambia, "Msijali, nimepata cha kupaka." Kumbe ndicho hicho. Mama akilalamika samli inapungua, wewe unaapa ni paka. Tena ukamkimbiza na ufagio, maskini paka wa watu! Samli inalainisha, sikatai, lakini mpira wa sili hauipendi hata kidogo.

Ila mkono wako ninao. Nilipopasha moto pale inapokaa beringi, nilikusikia kabisa: "Gonga pembeni, mwanangu, usiguse katikati." Nikagonga pembeni, taratibu, mpaka mlio ukabadilika nikajua imekaa. Nikapaka grisi safi, nikaweka sili mpya, nikakaza nati na kuifunga pini. Nikazungusha gurudumu: kimya. Hapo ndipo nilipokukumbuka mpaka machozi yakanitoka, maana ungepiga mluzi.

Niliijaribu kwanza peke yangu, kisha Jumapili nikampakia Mama. Kwenye mteremko wa kuingia Nemba nikakanyaga breki, ikashika palepale. Mathayo, aliyetufuata na baiskeli, ikabidi akwepe asitugonge kwa nyuma.

Mama akashuka, akainama kwenye gurudumu, akanusa.

"Halinuki tena," akasema.

Nikamsimulia habari ya samli, nikidhani atashangaa. Akanitazama kama mtoto mdogo.

"Paka gani anakula samli halafu anarudisha kizibo cha kibuyu? Nilikuwa namjazia baba yako."

Alijua, Baba. Miaka yote hiyo alijua, na kibuyu akakiacha palepale mlangoni, mkono wako ukifikie. Lala salama, Mama sasa nampeleka kanisani mimi mwenyewe.

Binti yako,
anayepaka grisi