Suti Isiyo na Upindo

Baba Bata mpenzi,

Sote wazima, na binti yako ni mzima kupita kiasi. Jina la Bata limemkaa kweli: akitoka shule ni bwawani moja kwa moja kwa mwalimu wake wa kuzamia, akirudi ananilowanishia sakafu yote.

Umesema utamnunulia vifaa vyote huko uliko. Hebu ngoja kwanza! Mimi fundi cherehani, gauni la mtoto naliachia upindo, akirefuka nafumua. Suti ya kuzamia haina upindo. Na vile vipimo ulivyoniandikia nilivicheka. Ni vya yule mtoto uliyemwacha. Huyu wa sasa ananifika sikioni, na viatu vyangu anavaa bila kuniomba.

Kwa hiyo suti, mapezi na mtungi wa hewa tutakodi palepale bwawani. Wewe nunua miwani tu, maana uso haukui mbio kama miguu. Muuzaji akikuuliza ukubwa, ijaribu usoni kwako. Mtoto huyu ni wewe mtupu.

Ila usimpe mtu aniletee. Ilete mwenyewe.

Ni mimi, mwenye sakafu iliyolowa,
Mama Bata