Ampea Tisa za Bi Moza

Nasreen shoga, mwenzio sina mbavu

Si unamjua Bi Moza mwenye nyumba wetu, anayeuza nyaya Kariakoo, aliyepiga marufuku hita za ndoo? Leo kasema umeme wa LUKU unaisha upesi kwa sababu ya Eliasi wa chumba cha nyuma, na akimkamata na hita anahama leo leo

Kaja na mita ya kupimia umeme ya dukani kwake. Katutoa wote uani, kila mtu kazima vyake, kaibana kwenye waya mkuu. Ampea tisa

TISA shoga, na tumezima kila kitu

Kapiga hesabu papo hapo: "Volti mia mbili thelathini mara tisa, wati elfu mbili na sabini. Hiyo si chaja ya simu, hiyo hita. Eliasi, fungua mlango."

Eliasi kafungua. Kitanda na feni iliyozimwa, basi

Mita bado tisa

Ndo tukaona mvuke unatoka bafuni kwa Bi Moza mwenyewe. Alichomeka hita kwenye ndoo yake kabla ya kuja kutugombeza, akasahau

Eliasi wala hakununa. Kamsogelea kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Maji yako ya kuoga yameshachemka."

Kaitikia marahaba, shoga. Angefanyaje