Uyoga wa Awiti Juu ya Nyumba

"Hiyo uyoga itoke leo, Mama Awiti, kila nikipanda kuanika shati naona tu—"

"Iguse uone, Owino! Mtoto alisema isi—"

"Mtoto hayuko!"

"—isiguswe, hata kuwekewa soksi!"

Uliwasikia wazazi wako, Awiti? Mwaka mmoja umezunguka tangu tukulaze kaburini kule Alego, na hapa Kayole mpaka wiki jana walikuwa bado wanapigania ile antena yako nyeupe tunayoiita uyoga. Uliisimika juu ya nyumba kwa nguzo ya simiti, ukisomea digrii ya pili, mambo ya vile mabamba ya dunia yanasukumana na kuachana.

Wewe ndiye ulitufundisha kwamba ardhi inatembea. Jumapili ukikanda unga wa chapati ulikuwa unauvuta huku na huku mpaka unakonda katikati, unaanza kupasuka. "Hapo ndio Bonde la Ufa," unasema, kisha unatupikia hilo bonde. Hata mimi kaka yako, niliyeacha kozi katikati, nilielewa, nikaangalia sakafu kwa heshima.

Ulikuwa mpole hata kwa watundu. Nilipowadanganya wapangaji kwamba uyoga inanasa udaku, pale kwa kamba za nguo pakawa kimya kama kanisani. Ulicheka mpaka machozi. Halafu ukakaa nao mmoja mmoja ukiwaeleza: inaongea na setilaiti, inasikia nyumba ikisogea, polepole kuliko ukucha unavyokua.

Wiki jana Githinji, mwenzako wa darasa, alituletea grafu ya hiyo uyoga. Vidoti vinapanda mwaka baada ya mwaka, hata baada yako. Baba, ambaye alikuwa ameshika spana tayari kuing'oa, akauliza, "Sasa tunaenda wapi?"

"Mashariki, mzee. Tunaachana na ng'ambo ile ya Bonde."

"Na Alego?"

"Alego iko ng'ambo ile."

Mama alishika ukuta, ungedhani nyumba imeng'oa nanga.

Tunaokukumbuka ni sisi: baba yako Owino, mama yako Syombua, dada yako Ndinda, na mimi Austine wa vituko. Hatutakusahau, Awiti, hata tukisogea.

Baba amerudisha spana, na ameomba niongeze neno moja kwa walimu wako: "Tafadhali, wekeni ingine kama hii pale kaburini. Nataka niwe najua msichana wangu amefika wapi."