Baba, Mashine ya Masista na Vyuma vya Silasi

Mpendwa Baba,

Dereva wa lori la Bukavu amenifikishia maneno yako leo mchana, hapa Gikondo, nami nimecheka peke yangu mbele ya ghala hadi wapita njia wakageuka kunitazama. Barua hii naituma bila bahasha. Vizuizi ni vingi barabarani na askari hufungua kila kitu, basi na wasome, wajue una binti wa namna gani.

Nakumbuka siku rundo la magunia ya kahawa lilipokuangukia na kukuvunja paja. Plasta ilipotolewa, mguu wako ulikuwa mwembamba kama mkono wangu. Msimamizi wa ghala alikuja nyumbani kwetu Niboye, akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Mzee, nafasi yako ipo hadi kahawa mpya iingie. Siku hiyo utabeba gunia moja kutoka langoni hadi kwenye mizani. Ukishindwa, nitaandika mwingine." Ulimshukuru. Mimi nilitamani kumfukuza.

Nilikupeleka kwenye kituo cha afya cha masista, penye ile mashine ya miguu. Niliipenda mara moja. Unaketi, mgongo umeegemea, unasukuma ubao kwa nyayo, na vile vipande vya chuma vinapanda na kushuka ndani ya reli zake. Ukichoka unaachia tu, hakuna kinachokuangukia. Nilikuwa nimeona vitu vya kutosha vikikuangukia, Baba. Wiki sita ulisukuma, na paja likarudi. Nikadhani tumemaliza.

Kisha ukajaribu kuinua gunia la unga pale uani. Liliinuka, lakini hatua ya pili ulipepesuka ukagonga mlango kwa bega. Nilikimbia kukushika.

"Mguu iko na nguvu," ulisema huku ukihema, "lakini mwili yote imesahau kazi. Gunia haina reli, mama. Ikiyumba, nawe unayumba nayo. Naenda kwa Silasi."

Silasi, rafiki yako fundi wa kuchomelea, alikuwa na vyuma vyake nyuma ya karakana: ekseli ya lori iliyokatwa ikawa mtarimbo, na gia nzito kila upande. Nilikuwa nimewaona vijana wa karakana wakiuweka ule mtarimbo mabegani, wakachuchumaa na kuinuka, mishipa ya shingo imewatoka. Nilikuwazia wewe chini yake, nikakosa raha kabisa.

Hapo ndipo nilipokukosea. Nilikutangulia kwa Silasi, nikamwomba akwambie kwamba vile vyuma ameviuza. Alikubali. Ulirudi kutoka kwake, na wiki nzima hukuvitaja tena vyuma. Ulikula kidogo. Kahawa ilikuwa inakaribia, nami nikijiambia kwamba bora baba asiye na kazi kuliko baba asiyeweza kusimama.

Siku ya saba nilikukuta uani umeshika madumu mawili ya maji, unachuchumaa na kuinuka, mguu mmoja unatetemeka, na hakuna mtu wa kukudaka. Hukuniona. Nilirudi nyuma taratibu, nikaenda moja kwa moja kwa yule sista aliyekusimamia kwenye mashine, nikamweleza kila kitu.

Hakunigombeza. "Mashine imemjengea mguu," alisema. "Bila hiyo angeanguka siku ya kwanza. Sasa anahitaji kujifunza kujishika mwenyewe. Aanze na mtarimbo mtupu, na mtu asimame nyuma yake."

Silasi aliposikia alitabasamu tu. "Basi simama wewe."

Nikasimama, Baba. Kila alasiri, mikono yangu chini ya makwapa yako bila kukugusa, nikihesabu pamoja nawe. Mtarimbo mtupu kwanza, kisha gia ndogo. Mara moja tu ulilemewa, nikakudaka, na Silasi akauondoa mtarimbo. Ulikaa chini ukacheka. "Umeona? Sikufa!" Kesho yake nikasimama tena.

Na kahawa ilipoingia, uliweka gunia begani pale langoni. Lilihamia upande, nawe ukahama nalo, ukalirudisha, ukaendelea kutembea. Ulipolitua kwenye mizani nilikuwa nimejiuma mdomo hadi damu. Ulifanya kazi msimu wote, kisha ukaenda Bukavu kwa kupenda kwako, kwa miguu yako miwili.

Lakini ule uongo ulinikaa kifuani mwaka mzima. Mwezi uliopita nilishindwa kuuficha zaidi, nikamweleza dereva akufikishie, nikangoja kama mtu anayengoja hukumu. Leo akanirudishia maneno yako, akiiga hadi sauti yako: "Mwambie binti yangu hivi: Silasi aliniambia ukweli siku ile ile. Ningeweza kwenda kunyanyua. Lakini sikutaka mtu mwenye woga asimame nyuma yangu. Nilingoja woga imutoke."

Kumbe wiki nzima ile ulikuwa unaningoja mimi!

Sina la kuongeza. Nimepika, nimekula sahani mbili, na sasa naona jinsi nilivyokuwa na njaa.

Msalimie baba mkubwa na wote wa nyumbani. Ubaki na amani, Baba.

Ni mimi, binti yako,
Feza