Pedali ya Kulia

Mdogo wangu Pilipili,

Salamu nyingi, nyingi kuliko matusi uliyoyamwaga kwenye simu Jumapili. Hujambo wewe? Magoti yameacha kulia ukipanda ngazi? Mimi naendelea: mbavu tatu zimevunjika, shavu la kulia lina nyuzi kumi na moja, na mkono wa kushoto umefungwa plasta nzito kama tofali. Mengine yote mazima, hasa mdomo. Mwandiko nisamehe, ulikuwa mbaya tangu darasa la nne, na nilikomea hapohapo.

Nimesikia umeapa kutokanyaga wodi aliyolazwa mwanao. Muuguzi ananiambia kila saa ya kuwaona wagonjwa kijana anageuza shingo kutazama mlango, wiki nzima sasa. Nimesikia pia umemtumia ujumbe kwamba aliyetaka kumuua kaka yako si mwanao tena. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Soma hadi mwisho ndipo uchane.

Unakumbuka mwanao, huyo mpwa wangu, alivyonialika. Kazi yake pale uwanja wa mbio za magari ni kuwafundisha wageni, na alisema haifai mjomba wake, dereva wa tingatinga miaka thelathini na moja, afe bila kuonja gari lenye mwendo. Ukakubali kwa sharti moja: nikae kiti cha abiria, nisiguse usukani. Nikaapa mbele yako, mkono kifuani.

Siku yenyewe alinivalisha suti iliyonibana kila mahali mtu anapobanika, akanivika helmeti, akanifunga mikanda sita. Nikamuuliza kama naenda kwenye mbio au kunyongwa. Akacheka, akasema nisubiri kidogo nitajua.

Nilijua. Lile gari haliendi, linapiga. Likiondoka linakupiga mgongo, likifunga breki linakupiga kifua, na kwenye kona linakukaba shingo kama polisi aliyekukosa mara mbili. Nilitapika ndani ya helmeti nikameza. Hilo libaki kwetu. Njia ina kona kumi na nne, na ile mbaya kuliko zote, wenyewe wanaiita Mchinjo. Unashuka mteremko huoni mbele, ghafla barabara inakata kulia, na mbele ya pua yako kuna ukuta wa matairi. Mpwa wangu alinieleza kwamba breki zinafungwa mapema, kwenye bango jekundu, ndipo unakata kona. Alieleza mara tatu, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Mzunguko wa tatu hatukukata. Tuliupasua ule ukuta na gari likabiringika. Niliona mbingu, majani, mbingu, majani. Kioo kikanipasukia usoni. Mlango wa upande wake uliingia ndani, nikasikia paja lake likivunjika, kavu kama ubao. Mpaka leo nausikia mlio ule nikitafuna. Petroli ikaanza kunuka. Na ni yeye, na mguu huo, aliyekata mikanda yangu na kunivuta kwa kola kupitia dirishani, akitambaa kwa viwiko, akinitukana matusi ambayo nilidhani kwenye ukoo wetu unayajua wewe peke yako. Tulipofika kwenye nyasi, gari likawaka moto lote.

Msimamizi wa uwanja alikuja mbio. Badala ya kumpa kijana maji, alimpiga teke la mbavu, akamwambia amefukuzwa kazi. Nilimrushia helmeti ikamvunja pua. Hiyo siijutii.

Sasa kaa chini kama umesimama. Uliambiwa mwanao ndiye aliyekuwa anaendesha. Uongo huo niliutunga mimi. Baada ya mzunguko wa pili nilimng'ang'ania anipe usukani. Akakataa, akanikumbusha nilivyokuapia. Nikamwita mwoga, nikamwambia anamwogopa mama yake kuliko Mchinjo. Tukabadilishana viti.

Kwenye tingatinga, mdogo wangu, injini inanguruma yenyewe. Ukikanyaga pedali ya kulia, mwendo unapungua. Miaka thelathini na moja mguu wangu umejua hilo tu. Pale kwenye bango jekundu hofu iliponishika, akili ilishuka ikaniachia mguu. Nikakanyaga. Gari likaruka. Kijana akapiga kelele breki mjomba, breki, nami nikamjibu ndiyo hii, nikazidi kukandamiza.

Pale kwenye nyasi, kabla hata sijamshukuru, nilimsihi aseme ni yeye, maana niliuogopa uso wako. Alinitazama, meno yamejaa damu, akasema sawa mjomba. Kwa sheria ya uwanja, mgeni akiangusha gari, mwalimu hafukuzwi. Kazi yake niliiua mimi, na mama yake nikamnyang'anya.

Jana nilimwendea yule msimamizi, pua yake bado ina bandeji, nikaandika yote na kutia sahihi. Amesema atafikiria. Kazi iko mikononi mwake. Mama yake yumo mikononi mwako.

Wasalimie majirani, na yule paka wako anichukiaye mwambie alinijua mapema. Kesho saa ya wagonjwa nitakuwa kwenye benchi la mlangoni. Pita kwanza kwa mwanao, umkumbatie taratibu, paja lina vyuma. Ukitoka utanikuta nimevua kofia. Piga shavu la kushoto. La kulia bado lina nyuzi.

Ni mimi kaka yako,
Tingatinga