Kona Niliyoiruka

Mjukuu wangu Keza,

Wewe ni wa kwanza kusikia hili: kosa lilikuwa langu. Niko shuleni bado, lakini mama yako ananiita mjomba, basi wewe ni mjukuu. Huku Nyakabuye sote wazima.

Unauliza kwa nini Papa Musa alishindwa tena na Shabani, rafiki na mpinzani wake katika mbio za magari. Nilikaa garini kando ya Papa Musa nikimsomea daftarini kona zinazokuja. Nikafunua kurasa mbili pamoja, nikaruka kona moja, tukatumbukia kwenye shamba la mpunga.

Shabani alishinda, akarudi na kamba kutuvuta.

"Papa Musa, siku hizi unalimaka muchele?"

"Ni mimi nilikosa," Papa Musa akajibu, akicheka.

Nikafunga daftari, nikashika kamba.

Barua hii niliiacha hapo kwanza, nikaenda kumwambia Papa Musa ukweli. Kisha tukaketi, tukaandika namba kwenye kila ukurasa.