Mbwa Aliyekatazwa Kuzoea Watu

KITUO CHA POLISI, KITENGELA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Muthoni Gakuru
Umri: Miaka 36
Kazi: Fundi wa kushona sare za shule
Makazi: Noonkopir, Kitengela
Tarehe: Jumatano, 18 Agosti 2004, saa nne asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeolewa na Gakuru, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha hapa Noonkopir, na sisi wenyewe tunaishi kwenye nyumba ya mbele. Tuko na mtoto mmoja, Ciku, kwa hivyo mume wangu namwita Baba Ciku. Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa. Nataka kueleza vile mama ya mume wangu, Rahab, aliumwa na mbwa wetu hata akafa. Watu wa mume wangu wanasema ni mimi nilimfungulia huyo mbwa. Rahab, ambaye nyumbani tulimwita Cucu, yaani nyanya, anazikwa Jumamosi huko Kandara, na nimeambiwa nisionekane hapo. Sitaki mtu afungwe. Nataka kumzika mama bila kuitwa muuaji.

Mnamo Novemba 2002 wezi waliingia kwetu. Walikata grili ya dirisha, wakamfunga Baba Ciku mikono na kumlaza chini mbele ya mtoto. Waliondoka na redio na nguo, lakini walichochukua hasa ni usingizi wake. Kabla hata hajatafuta mbwa alikuwa amenunua kibao cha MBWA KALI na kukipigilia kwenye geti. Tukakaa hadi mwaka mpya tukilindwa na kibao.

Januari 2003 tulienda Bisil siku ya soko, akachukua mtoto wa mbwa kwa Wamasai wa mbuzi. Nilikuwa naye. Mama ya huyo mbwa alikuwa amelala katikati ya mbuzi, watoto wakimruka, na hakuinua hata kichwa. Mwenye mbwa alituambia, "Hii nachunga na mtoto. Wewe kaa na yeye vizuri tu." Baba Ciku alimpa jina Inspekta. Samahani afisa, mimi sikuulizwa.

Tangu siku hiyo kulikuwa na sheria. Mtu asimshike, mtu asimchezee, na chakula atoe Baba Ciku peke yake. Ciku alipatikana siku moja akimkuna masikio, akachapwa. Baba Ciku alisema mbwa akizoea watu ni heri ufuge kuku, utapata mayai. Si yeye peke yake anafikiria hivyo, Kitengela yote imejaa mbwa wa namna hiyo. Alimjengea kibanda cha mawe na mabati nyuma ya nyumba, giza tupu, na mchana kutwa mbwa alifungiwa humo asione sura ya mtu. Chakula kilitiwa pilipili eti damu ichemke. Jioni Baba Ciku alikuwa akipitisha kijiti kwenye nafasi ya mabati na kumdunga, na mbwa akipandisha hasira, yeye anacheka anasema, "Sasa hapo niko na mbwa."

Usiku mbwa alifunguliwa azunguke ploti, na wapangaji wakawa wafungwa. Choo ya ploti iko nje. Mpangaji wetu mmoja, Aketch, ambaye tunamwita Mama Shirleen, aliweka ndoo ya haja ndani ya nyumba, na humo analala na watu wazima. Alilalamika mara moja tu. Baba Ciku alimwambia kama hapendi usalama, Athi River kuna nyumba.

Afisa ameniuliza kama mbwa alikuwa amechanjwa. Hapana. Watu wa mifugo walikuja uwanjani mwaka jana, wakachanja mbwa bure, watu wakapanga laini na mbwa wao kwa kamba za katani. Nilimwomba Baba Ciku tumpeleke. Alikataa, akasema mbwa akishikwa na watu wengi atarudi amezoea.

Julai mwaka huu Cucu alikuja kwetu kutoka Kandara kutibiwa macho. Jicho la kulia lilipasuliwa likafungwa bendeji, na la kushoto liliona vivuli tu. Alitembea na mkongojo. Siku ya kwanza tu alisikia kelele za nyuma ya nyumba, akamuuliza mtoto wake, "Huyo analia nini?" Walikuwa wanaongea Kikuyu, mimi naeleza kwa Kiswahili.

Baba Ciku akasema, "Halii, mami. Ni mkali."

Cucu akasema, "Huyo ni mwoga. Umefungia mwoga kwa giza na unatarajia akulinde?"

Baba Ciku alicheka na kwenda kazini. Cucu alikuwa mkaidi kuliko mtoto wake, na nafikiri ukaidi mtoto aliutoa kwake. Asubuhi iliyofuata alibeba kigoda, akakaa mbali kidogo na kibanda, akaniita niache cherehani, nifungue dirisha dogo la kibanda niwe macho yake.

Aliniuliza, "Mkia uko wapi?"

Nikamwambia, "Uko katikati ya miguu."

"Na masikio?"

"Yamelala nyuma. Anajilamba mdomo, na anaangalia kando."

Akasema, "Basi leo hatusongi. Amesema hataki." Akamrushia kipande cha ugali chenye mchuzi wa matumbo, bila pilipili, tukarudi ndani.

Tulifanya hivyo kila asubuhi baada ya Baba Ciku kwenda kazini. Cucu hakuwahi kumwendea mbwa moja kwa moja, alimwacha aje mwenyewe. Alikuwa akigonga simiti na fimbo yake anapozunguka nyumba, polepole, ili mbwa ajue ni nani anakuja na asishtuke. Mbwa alianza kuijua ile fimbo. Akiisikia anaacha kubweka, analia kidogo puani, na mkia unagonga mabati. Mwisho wa Julai Cucu alikuwa akifungua komeo mwenyewe na kukaa mlangoni, na mbwa analaza kichwa kwenye leso yake. Hakumwita Inspekta. Alimwita Kamwana, yaani kijana mdogo. Mama Shirleen, ambaye dirisha lake linaangalia kibanda, alikuwa anatutazama akifua nguo. Siku moja alisema, "Mama Ciku, hata mimi nitatoka choo usiku sasa." Tulicheka sana. Naomba hayo yaandikwe, kwamba ilikuwa inawezekana. Yule mbwa hakuzaliwa vile.

Jumamosi tarehe 7 Agosti, mchana, Baba Ciku alileta rafiki yake nyumbani. Alimzungusha nyuma amwonyeshe mbwa. Alipofungua dirisha dogo la kibanda, mbwa alitikisa mkia. Yule rafiki alicheka, akasema, "Gakuru, hii ni ya kulinda ama ni ya kukaribisha wageni?" Nilikuwa naanika nguo na niliona uso wa Baba Ciku. Usiku huo alimwambia mama yake, "Umeniharibia mbwa. Wakirudi wale watu nitafanya nini? Nitawapigia magoti tena mbele ya mtoto?" Cucu alimjibu, "Mbwa anayejua wa nyumbani ndiye anajua mgeni. Huyu wako alikuwa hajui mtu yeyote, angekuuma hata wewe."

Jumapili tarehe 8 mimi, Cucu na Ciku tulienda kanisani. Baba Ciku alibaki. Cucu hakubeba fimbo yake, alikuwa na maringo kidogo, hakupenda kuonekana kanisani na fimbo, kwa hivyo alishika bega la Ciku. Fimbo tuliiacha kwenye mlango wa jikoni. Tuliporudi, mwendo wa saa saba, Baba Ciku alikuwa ameoga na amebadilisha shati. Mbwa alikuwa kimya. Cucu alitaka kumpelekea chakula, Baba Ciku akasema tayari amempa. Tulikula, tukapiga hadithi, alikuwa mchangamfu kuliko siku zote.

Jumatatu tarehe 9 Baba Ciku alitoka alfajiri. Mwendo wa saa mbili nilikuwa jikoni napika uji. Cucu alichukua bakuli ya mbwa na fimbo yake, akatoka. Nilimsikia akigonga simiti kama kawaida. Kisha nikasikia kwamba sisikii kitu kingine. Hakuna kulia puani, hakuna mkia kwenye mabati. Mbwa hakunguruma hata kidogo, na mbwa anayenguruma anakupa nafasi ya kurudi nyuma. Nilizima stovu nikatoka mbio. Nilisikia komeo, nikasikia Cucu akisema, "Kamwana, ni mimi."

Nilipofika kona alikuwa tayari chini. Mbwa alikuwa amemshika mkono wa fimbo, akaachilia, akamshika shingo kwa kando. Nilimpiga mbwa na ndoo ya maji. Aliniangalia na hakunirukia. Aliachilia, akarudi mwenyewe ndani ya kibanda, akajibana kwenye kona ya mwisho akitetemeka na kujikojolea. Nilifunga komeo. Nilimfunga Cucu na leso yake mwenyewe, nikapiga mayowe. Mama Shirleen alikuja na shuka, jirani akaleta pikapu, tukampeleka hospitali. Njiani aliniuliza mara mbili, "Nimemkosea wapi?" Alimaanisha mbwa.

Mchana huo askari wa kituo hiki walikuja wakampiga mbwa risasi. Nililia. Nakubali nililia. Dada za mume wangu walikuwa wamefika, wakaniona, na hapo ndipo maneno yalianza. Walisema, angalia, mama yetu ako hospitali na huyu analia mbwa. Baba Ciku hakuniangalia. Jioni aliwaambia mbwa wake hajawahi kuwa na shida mpaka mke wake alipoanza kumdekeza, na kwamba asubuhi hiyo nilikuwa peke yangu nyumbani na mama, na komeo halijifungui.

Siku iliyofuata, Jumanne, Mama Shirleen alinikuta kwenye kamba ya nguo. Aliongea huku anaangalia geti. Alisema, "Mama Ciku, Jumapili mkiwa kanisa niliona kitu. Mzee wako alimtoa mbwa na mnyororo, akampiga. Akipiga anasema, zoea tena, zoea tena. Alimpiga na fimbo ya Cucu."

Nilikaa kwenye karai. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia Jumapili. Alisema, "Ningesema nini? Ni mbwa wake. Na wewe ni bibi yake, ungemuuliza, angejua ni mimi." Nilimwomba awaeleze dada za mume wangu hayo, na pia awaeleze kwamba amemwona Cucu akifungua komeo mwenyewe siku nyingi. Alilia. Alisema, "Mimi ni mpangaji tu. Nikisema asubuhi, jioni vitu vyangu viko barabarani, na Shirleen ako darasa la nane mwaka huu."

Nilimuuliza Baba Ciku usiku huo huo. Nilimuuliza polepole, sikumtaja mtu. Nilisema tu, nimeona fimbo ya mama iko na nywele za mbwa. Akasema, "Nilimkumbusha kazi yake." Akalia sana, mpaka nikamshika kichwa. Nilifikiri kesho atawaambia dada zake. Asubuhi alivaa, akaenda hospitali, na hakusema. Fimbo sijaiona tena.

Cucu alifariki Jumamosi tarehe 14 kwa sababu ya kile kidonda cha shingo. Aliongea siku mbili za kwanza tu. Sikumwambia kuhusu fimbo. Alikufa akifikiri mbwa alimkataa bila sababu, na sijui kama nilifanya vizuri ama vibaya, nachoka kufikiria.

Mimi simchukii Baba Ciku. Ni mtu aliyeogopa, akachukua kiumbe kingine akakifundisha kuogopa pamoja naye, na akaita huo ulinzi. Ningependa awaambie watu wake kwa mdomo wake. Nimemngoja tangu mama afe. Juzi kamati ya mazishi ilikaa kwenye sebule yangu, kwenye viti nilivyovishonea vitambaa, na nikaambiwa nipeleke chai na nirudi jikoni. Kaka yake mkubwa ndiye aliniambia nisiende Kandara. Baba Ciku alikuwa hapo, anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Nimemtaja Mama Shirleen ingawa aliniomba nisimtaje. Namwomba radhi. Sina mwingine.

Sina la kuongeza. Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasikia kwa masikio yangu, kwa hiari yangu, bila kulazimishwa wala kuahidiwa chochote. Nimesomewa na ni sawa.

(Sahihi) Muthoni Gakuru

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo Muthama, na kusomwa kwa shahidi kwa Kiswahili, lugha anayoielewa. Hakutaka kubadilisha kitu.

Mchana wa siku hiyo hiyo nilienda Noonkopir, nikamkuta Bi. Aketch nyumbani kwake. Bw. Gakuru alikuwa kwenye ploti akipokea watu wa matanga, na alisimama karibu tulipokuwa tukiongea. Bi. Aketch alisema kwamba Jumapili tarehe 8 Agosti alishinda Athi River kwa dada yake, na kwamba hajawahi kumwona marehemu karibu na kibanda cha mbwa. Alikataa kuandika maelezo. Nilipokuwa nikitoka alinifuata mpaka getini na kuniomba nimfikishie Mama Ciku pole.

(Sahihi) Koplo Muthama